Saa Thelathini za Alden Tatro

Kule Vermont kaskazini, ambako theluji huingia Novemba na kukaa kama mgeni asiye na haya, mwanaume hapimwi kwa kimo. Hupimwa kwa saa ambazo jiko lake la kupasha nyumba linakaa na moto baada ya kujazwa kuni mara moja. Kwa kipimo hicho, Alden Tatro alikuwa jitu.

Saa thelathini! Alizitangaza kila asubuhi dukani kwa Royce Lafleur, amekalia kile kiti cha karibu na birika la kahawa, ambacho kwa miaka kumi na moja hakikuguswa na makalio mengine.

"Nyinyi mnachoma kuni," aliwaambia. "Mimi naongea nazo. Kwangu kila Novemba nikiwasha mara moja, viberiti vyote natupa."

Jiko lenyewe halikuwa na ajabu. Lilikuwa na sega la chuma juu ya moto, lenye vitundu kama la nyuki, linalounguza hata moshi ili kuni zidumu. Nusu ya wanaume pale dukani walikuwa nalo, ila ya kwao yalizimika saa ya ishirini.

Januari hiyo Royce akachoka.

"Mzee Alden, jiko langu na lako ni pacha. Kwa nini langu linakufa mapema?"

"Kwa sababu linakujua."

Duka zima likacheka. Royce hakucheka.

"Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nakuja kwako. Unajaza, mimi nabandika utepe mlangoni mwa jiko. Jumapili saa sita mchana nabandua. Gogo jipya likishika bila kiberiti, umeshinda. Lisiposhika, unainuka kwenye hicho kiti na hukikalii tena."

"Njoo na tarumbeta," Alden akajibu.

Jumamosi alilijaza hadi kooni. Sindano ya kipimo cha joto ilipopanda, akafunga njia ya mkato ya moshi ili upite kwenye sega, akabana hewa mpaka moto ukawa unasinzia. Royce akabandika utepe, akatia sahihi juu yake, akaenda zake.

Lorette, mkewe, alitoka chumbani na koti na kofia ya sufu. Akautazama ule utepe.

"Umebandika mlango?"

"Mpaka kesho saa sita."

"Na mimi?"

"Wewe una koti."

Mchana ulipofika, madirisha yalikuwa na barafu kwa ndani. Lorette alikuwa akipuliza vidole vyake, vimevimba kwenye maungio, rangi yake kama ya zambarau.

"Mume wangu, sihisi mikono. Legeza hewa kidogo tu. Hapo hakuna utepe."

"Nikilegeza napoteza saa nne."

"Saa nne tu, Alden."

"Hivi nilioa mke au nilioa paka, kutwa kutafuta joto? Na hiyo kofia! Unafanana na kisiki kilichoota uyoga."

Lorette hakulia. Alitabasamu, na Alden akadhani ameshinda. Mama huyo akampigia simu dada yake Ardis, ambaye nyumba yake huko mjini ilipashwa joto kwa mafuta, aje amchukue. Mlangoni, begi mkononi, akasema:

"Nakutakia saa thelathini njema. Safari hii ziwe zako mwenyewe."

Alden hata hakugeuka. Alikuwa anatazama sindano.

Jumapili Royce alikuja na wenzake wanne, hakuna aliyetaka kukosa. Sindano ilikuwa imelala tangu alfajiri.

"Makaa yako chini ya majivu," Alden akaharakisha kusema.

Royce akabandua utepe, akaweka gogo, wakasubiri; halikushika. Kisha akaingiza mkono mtupu ndani ya majivu, akachota kiganja tele, akayapuliza.

"Mzee, humu unaweza kulaza mtoto mchanga."

"Ni huyu mwanamke! Kachezea jiko langu!" Alden akakimbilia simu, akapiga kwa Ardis. Sasa, Lorette ana uziwi kidogo, na kwenye simu huongea kama anaita ng'ombe. Wote walisikia.

"Lorette! Umelifanya nini jiko?"

"Safari hii sijalifanya kitu, ndiyo maana limezimika. Kila asubuhi ukienda kujisifu kwa Royce, nilitia magogo matatu. Nilipasua mwenyewe nyuma ya banda, membamba, usijue. Miaka kumi na moja! Nilikuwa nasikia baridi, Alden. Sikukusudia kukupa umaarufu."

Wanaume walicheka hadi wakashikana mabega. Mmoja akapaza sauti, "Shemeji, kiti chako kinakusubiri dukani!"

"Rudi nyumbani," Alden akanong'ona.

"Sikusikii!"

"Nimesema rudi nyumbani!"

"Kuna joto?"

Akalitazama jiko. "Hapana."

"Basi." Simu ikakatwa.

Wageni walikuwa wanavaa glavu. Alden akamshika Royce mkono wa koti.

"Niachie kiberiti."

Royce akajipapasa mfukoni. Kiboksi cha njiti kilicheza humo ndani, kila mtu akakisikia.

"Viberiti viko dukani, mzee." Akaangalia saa yake. "Ila Jumapili tunafunga saa sita."

Ilikuwa saa sita na robo.

Walipoondoka, Alden alipekua droo zote, mifuko yote, hata kopo la sukari. Akaketi mbele ya kioo cheusi cha jiko, koti limefungwa hadi shingoni, pumzi zake zikitoka nyeupe. Kwenye msumari wa mlangoni Lorette alikuwa ameacha kitu kimoja tu, ile kofia ya sufu.

Aliitazama muda mrefu. Kisha akainuka, akaivaa.