Kukhu Alipokuwa Mlango wa Mvuke

Kabla baba hajawa dereva, uani kwetu Bungoma palikuwa na gari la moshi. Halikuwa na reli wala moshi, lakini lilikuwa na sisi.

Baba alikuwa mchochea moto kwenye injini, na alitaka udereva kuliko alivyotaka ugali. Madereva walikuwa Wahindi na Wazungu. Watu wetu ndio kwanza walikuwa wanaanza kuitwa. Mtihani ulikuwa Kitale, wa mdomo, na kilichomtoa jasho ni vile vyuma vinavyochezacheza kando ya magurudumu, vikifungua na kufunga mlango wa kupeleka mvuke kwa pistoni. Injini za zamani zilivificha tumboni. Ukitaka kuvipaka mafuta, utambae chini kama mjusi. Mpya zikavitoa nje. Kukhu, nyanya yetu mzaa baba, alipoviona stesheni aligeuza uso. "Hata chuma kina haya," akasema. "Nani amekivua hiki?"

Basi jioni tukitoka shule, baba anatupanga. Mdogo wangu ni pistoni: anakimbia kutoka ghalani hadi migombani. Mimi ni mvuke: namsukuma mgongoni nikipiga "shhh", kazi niliyozaliwa nayo, muulize mwalimu wetu. Kukhu yuko kigodani na ungo, yeye ndiye mlango. Akiuinua napita, akiushusha nasimama.

"Fungua, mama!" baba anaamuru.

"Ngoja wewe. Mlango huu una magoti mabaya."

Shida ya baba ilikuwa moja. Dereva wake alimwambia kwamba dereva mzuri huufunga mlango kabla pistoni haijafika mwisho, maji na mafuta yasiishie njiani. Baba akakataa katakata. "Ati umfungie mtu mlango katikati ya safari? Si atalala njiani?" Kwa hiyo ungo ulikaa juu wakati wote, nami nikasukuma mpaka migombani kila safari, mvuke mzima nikageuka maji.

Siku moja jirani mmoja, mwanamke anayetoka soko la Myanga, akasimama njiani kusalimia. Kukhu hawezi kuitikia salamu mikono ikiwa juu kama mwizi aliyekamatwa. Akashusha ungo. Pap! Puani kwangu. Nikasimama. Mdogo wangu alikuwa ameshasukumwa. Akaenda peke yake, mikono hewani, akaipita migomba, akatua ndani ya beseni la kunde la mama.

"Baba ya watoto!" mama akapiga kelele. "Treni yako imekanyaga mboga!"

Baba hakumsikia. "Amefika," akasema polepole. Kisha akaruka. "Mlango umefungwa na bado amefika! Nguvu iliyoshaingia inatosha!" Akamwomba kukhu asalimie tena. Jirani wa watu akarudishwa njiani, akasalimiwa, akarudishwa, akasalimiwa, mpaka akauliza kama kuna mgonjwa humu.

Aliporudi kutoka Kitale, baba alikuwa anatabasamu tangu kule njia panda. Swali la mlango lilikuja, na alilijibu bila kumeza mate. Kukhu akapiga vigelegele, mama akachinja jogoo, mimi nikala shingo na kujiona injinia.

Halafu wakampanga reli ya Kitale, na chumba cha kazi hukohuko, cha mtu mmoja. Tukawa tunamwona likizo tu. Alipokuja mara ya kwanza, tulijipanga wenyewe bila kuambiwa: mdogo wangu ghalani, mimi nyuma yake, kukhu kigodani na ungo. Baba alitutazama kwa mapenzi kabisa.

"Wanangu," akasema, "hayo ndiyo nimetoka kuyafanya wiki nzima. Niacheni nilale."

Akalala mpaka ng'ombe wakarudi. Kukhu akaanza kupepeta mtama kwa ule ungo, si ulikuwa mkononi tayari.

Mimi nilimwombea afaulu, tena kanisani, macho nimeyafumba kweli, sio ule ujanja wangu wa kuchungulia. Ningejua, ningemwomba Mungu amwangushe kidogo, mara moja tu, arudie kusoma.