Nilifuta kipimo cha maji ya laga ili nisainiwe barua ya kwenda kusoma Civil Engineering Uturuki

Wakuu, amani iwe kwenu.

Haya ninayoandika yamenipata mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Nimebadilisha jina moja, na laga yenyewe sitaitaja. Atakayeona ni hadithi ya kuvuta watu apite tu, sitabishana.

Mimi ni kijana wa Garissa. Nina diploma ya civil engineering, na tangu nimalize nilikuwa na wazimu mmoja tu: kwenda nje kuchukua degree. Nimeomba scholarship mpaka nikawa naitambua email ya kukataliwa kabla sijaifungua.

Mwishowe ikaja nafasi ya Uturuki. Walitaka vitu viwili ambavyo sikuwa navyo. Ripoti ya kazi niliyofanya site kwa mikono yangu, na barua ya injinia aliyenisimamia.

Nikapata kazi kwa kontrakta mmoja upande wa Rhamu, tunajenga drift. Kwa wasiojua, drift ni kivuko cha zege kinacholala kwenye laga, yaani mto mkavu, ili magari yasizame mchangani. Tulikuwa watatu kwenye pickup nyeupe. Injinia, mtu wa bara, mpole ila hapendi kurudia neno. Bishar, dereva wetu, mwenyeji wa huko huko. Na mimi, mtu wa survey.

Sasa, kabla ya kuchora drift lazima ujue mafuriko yalishawahi kufika wapi. Porini hakuna rekodi ya hayo. Unauliza wenyeji, wanakuonyesha kwenye mti au jiwe, unapima.

Siku hiyo injinia alibaki Rhamu. Mimi na Bishar tulikuwa kwenye laga, saa sita mchana, jua la kukausha mate. Mvua ilikuwa imetukimbia miezi mingi.

Level yetu, ile darubini ya kupimia usawa wa ardhi, ilikuwa ya zamani, ile inayoonyesha picha kichwa chini miguu juu. Nikiwa nimeinama nikaona mzee kwenye lenzi, anatembea kichwa chini, mbali kabisa. Nikainua uso, mzee yuko hatua tano kutoka kwangu.

Nikajiambia ni jua.

Kwetu Wasomali, ukikutana na mtu porini salamu haitoshi. Unamwambia "warran", yaani nipe habari, naye anakueleza alikotoka, mvua, malisho, waliofariki. Haongezi wala hapunguzi, maana mifugo ya mwenzake inaishi kwa maneno hayo. Na mnaulizana wewe ni wa nani, ukoo gani.

Hapo nikafanya kosa la mtu aliyekulia town. Nilikuwa na haraka na kipimo changu, nikaruka habari za ukoo. Nikamuuliza moja kwa moja maji ya hapa hufika wapi.

Mzee akaweka kiganja kwenye shina la mgunga uliokuwa ukingoni, juu kuliko kichwa changu. Akasema taratibu, kwa Kisomali:

"Yalifika hapa. Hapakuwa na mvua. Yalibeba gari jeupe lenye watu watatu. Wawili walitoka."

Nikafurahi, wakuu. Kipimo safi. Nikamwambia Bishar apake rangi nyekundu pale palipokuwa na mkono.

Bishar hakusogea. Alikuwa anaangalia nguo za mzee. Kikoi chake kilikuwa kimelowa chapachapa, na shati mpaka kifuani, matone yanaanguka mchangani. Kisima cha karibu kilikuwa mwendo wa nusu siku, na huko watu walikuwa wanagombania mtungi mmoja.

Nikainama kuandika. Nilipoinuka mzee hayupo.

Sitasema alitoweka, labda alishuka nyuma ya ukingo. Ninachojua ni kwamba Bishar hakumwondolea macho hata mara moja, na ndiye aliyeogopa zaidi. Alipaka rangi, akarudi garini bila kufunga kopo. Njia nzima ya kurudi alisoma dua, na huyo ni mtu ambaye kwa kawaida ukimwanzishia mpira wa Ulaya hanyamazi.

Tukauliza kijijini. Wazee wote walisema maji ya laga ile ni ya goti, na hakuna gari lililowahi kubebwa pale. Mzee wetu hakuna aliyemjua. Na huko kila mtu anajulikana mpaka babu wa kumi.

Injinia alisoma ripoti yangu. Hakucheka wala hakukasirika. Akaniuliza tu huyo mzee anaitwa nani, nikasema sikumuuliza. Akasema kwa kipimo kile drift haifai, linatakiwa daraja, na mchoro ulishapitishwa. Nifute, niweke cha goti, halafu nimletee ile barua yangu ya Uturuki aisaini.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Maombi yalikuwa yanafungwa Ijumaa.

Nikafuta. Kubonyeza backspace mara chache tu, basi.

Ningeweza angalau kuomba ziwekwe nguzo zenye namba pembeni ya drift, dereva ajue kina kabla ya kuingia. Sikuomba hata hizo, kwa sababu angeniuliza za nini. Nilikuwa mwoga na sina neno jingine la kulipamba.

Barua ikaenda. Drift ikajengwa, nzuri, nikapiga nayo picha.

Siku ya kukabidhi kazi, asubuhi, anga halina wingu hata moja, nikapata email. Nimekubaliwa. Nilikuwa kiti cha nyuma nikiisoma kwa mara ya sita tulipofika kwenye laga. Juu ya zege palikuwa na maji kidogo, hayafiki hata kifundo cha mguu, yamejaa vijiti na mavi ya mbuzi.

Bishar akazima gari.

"Injinia, maji hii si ya hapa, inatoka mvua ya mbali," akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali. "Wacha tungoje ibite."

Injinia akaangalia saa. Wageni walikuwa wanatusubiri upande wa pili. Akasema maji ya hapa ni ya goti, twende.

Bishar akanitazama kwenye kioo. Alikuwa anangoja mimi niseme. Msidhani sikukumbuka maneno ya mzee, niliyakumbuka yote, moja moja. Nikarudisha macho kwenye simu.

Akawasha gari.

Tulipofika katikati nikasikia sauti kama lori linamwaga kokoto, ila haikuisha.

Maji yalipobeba gari, mimi na injinia tulitokea dirishani, tukashika matawi. Bishar alipatikana siku ya pili, mbali sana huko chini. Mbuzi wa watu walifika mahali wakakataa kupita, ndipo mchungaji akaenda kuangalia.

Maji yaliposhuka nilirudi na level peke yangu. Tope lilikuwa limekauka na kuacha mstari kwenye mgunga. Nilipima mara tatu. Mstari ulipita katikati ya rangi nyekundu.

Nikaenda kumpa pole mama yake Bishar. Alinikaribisha, akangoja nimalize chai, halafu akaniambia nimpe habari.

Nikampa yote. Mzee, nguo zilizolowa, backspace, kioo. Nililia, sioni aibu kusema. Nilipomaliza akaniuliza:

"Na huko unakokwenda kusoma, wanajua?"

"Hawajui, eedo," nikasema, yaani shangazi.

"Basi hujamaliza kutoa habari."

Akachukua kikombe changu akaenda kukiosha.

Nilichojifunza, kwa ninyi mnaopima laga huku: mtu akikupa habari iandike, hata kama huiamini. Ukiikataa, andika pembeni kwa nini umeikataa. Usifute.

Nimewaandikia chuo kila kitu na kuwaambia ripoti waliyonikubalia nayo ina kipimo cha uongo. Visa ilikuwa tayari. Injinia hapokei simu zangu. Baba anasema nimejichimbia kaburi, na kuna saa naona hajakosea.

Wakuu mnaojua vyuo vya nje, semeni, mtu kama mimi huwa wanamsikiliza? Na mwenye matusi alete pia, nitasoma yote.

Email niliituma jana saa nne asubuhi. Hawajajibu.