Unyasi Mguuni mwa Mtoto wa Tembo

Watu walimwita Siafu, si kwa ukali, bali kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona ametulia. Hata chakula alikula amesimama mlangoni, sahani mkononi, macho nje. Na ajabu ya Mungu, kazi iliyomlisha ilikuwa ya kungoja: kupiga picha watoto wa tembo porini. Huko, ndani ya gari lake bovu, aliweza kukaa saa sita bila kukohoa. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akisema, "Laiti ningekuwa na mkonga, na mimi ningetazamwa."

Chumba cha kazi kilikuwa kimoja: cherehani dirishani, kompyuta ukutani, vitambaa katikati. Siafu akirudi kutoka porini husafisha picha zake. Kinyesi cha ndege mgongoni hukifuta. Tawi lililokatiza jicho hulifuta. Sikio la mama likiwa limechanika, huliziba likawa zima, maana watu wa kalenda wanapenda tembo nadhifu. Akimaliza, zile za mwanzo huzifuta kabisa, kadi ya kamera ibaki tupu kwa safari nyingine. Miaka kumi na moja ndivyo alivyofanya, na mazoea, jamani, yana taabu.

Adhuhuri moja alikuwa akimsafisha mtoto wa miezi kama mitatu. Picha zake mbili zilikwisha kwenda kwa mchapaji. Hii ilikuwa ya tatu. Unyasi mwembamba ulikatiza mguu wa nyuma, juu kidogo ya kucha. Akauondoa taratibu. Mkewe akapita nyuma yake, pini mdomoni, akasimama.

"Rudisha hapo."

"Hapo wapi?"

"Mguuni. Ulichofuta, kirudishe."

Akakirudisha. Fundi akatoa pini mdomoni, akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hiyo ngozi imefanya marinda."

"Tembo wote wana makunyanzi, mke wangu. Ndiyo mtindo wao."

"Makunyanzi nayajua, ninayo. Haya ni marinda. Kitambaa hakijikusanyi hivi mpaka pawe na uzi unaovuta. Na zile mbili za asubuhi, hukufuta unyasi?"

Alifuta. Mguu uleule, mahali palepale, na zilipigwa kwa kupishana nusu saa, mtoto akikimbia huku na huko. Unyasi gani huo unaomfuata mtu?

Ulikuwa waya. Tanzi la wawindaji lilikwisha kuanza kula nyama, naye alikuwa akilifuta kwa ustadi.

Kiti kikaanguka. Siafu akazunguka chumba, akakanyaga vitambaa, akarudi alikotoka. Siku tano zimepita tangu apige picha ile! Mguu ukioza, mtoto wa umri huo hafiki mbali.

"Nitamwambia nini askari wa hifadhi? Kwamba nilimtazama kwa lenzi ndefu kama bomba, nisimwone?"

"Mwambie hivyohivyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa atakayekufa si wewe, ni mtoto wa watu."

Akapiga simu. Askari alimsikiliza, kisha akauliza jambo moja tu: "Mama yake ana alama gani? Wenye watoto huku ni wengi."

Alama ilikuwa sikio: katika zile mbili za asubuhi lilikuwa limechanika. Lakini la kulia au la kushoto? Lilichanika juu au chini? Kila alipofumba macho aliliona zima, kama alivyoliziba mwenyewe, na picha za mwanzo hazipo; hii ya tatu ilikuwa ya mtoto peke yake.

"Nikimwona nitamjua," akasema. "Nipo njiani."

Siku ya kwanza hawakuona kitu. Ya pili waliona masikio manne yaliyochanika, na kila mara Siafu aliruka kusimama, akatazama, akaketi tena.

"Kaa, mzee," askari akamwambia. "Utatoboa gari, turudi kwa miguu."

Asubuhi ya tatu, kando ya kichaka, mama mmoja alikuwa amesimama bila kula, wenzake wakiwa wametangulia mbali. Sikio la kushoto lilikuwa limepasuka chini, kama ukosi uliokatwa na mwanafunzi wa ushonaji. Nyuma ya miguu yake alisimama mtoto, mguu mmoja hewani.

"Huyo!" Siafu akasema.

Daktari wa wanyama aliyefuatana nao akamlaza mama kwa sindano ya usingizi, kisha mtoto. Siafu akapewa ndoo, amwagie mama maji masikioni asizidiwe na joto. Akawa anakimbia kati ya madumu na tembo, kamera imesahauliwa kitini, mpaka koleo likalia ta! na waya ukaachia.

"Atachechemea kwa muda," daktari akasema, akifunga dawa zake. "Mfupa haujaguswa."

Ndipo Siafu akampigia mchapaji, azitoe zile picha mbili.

"Uzitoe? Ndizo nzuri kuliko zote! Na ukurasa wa mwezi wa sita kwenye kalenda nitaujaza na nini? Utabaki mtupu!"

"Uache mtupu," akajibu, akakata simu, maana mtoto alikwisha kutikisa sikio.