Miaka ya Magige

Watu wa Nyegina wakiniuliza habari za mume wangu, nawajibu yuko Uskochi anasomea samaki, nao wanaangua kicheko. Wacheke tu. Mimi nimeishi na hao samaki miaka minne, furu kwa ningu, wamo ndani ya chupa chini ya kitanda changu wamekodoa macho, na ile dawa yao inanuka mpaka kwenye ugali.

Magige alikuwa mwalimu wa sayansi hapa misheni, shahada ya Makerere anayo, mtu wa kuheshimiwa. Lakini kutulia? Wapi! Alikuwaga anakula amesimama. Alitaka kuendelea na utafiti wa samaki wa ziwa letu, na hapa hapakuwa na pa kuusomea, basi kazi yake ikawa kutafuta skolashipu. Gazeti la Kiingereza lililofungiwa sukari dukani alilinyoosha akalisoma lote. Aliandika India, akaandika Amerika, akaandika London. Kila Jumatano alipanda baiskeli kwenda posta Musoma, akirudi amekunja uso najua hakuna kitu. Au kipo, kinasema tunasikitika.

Siku moja nikamwambia, "Baba Felisian, si utulie tu ufundishe?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Getruda, wengine kati ya hawa samaki hawana hata jina kwenye vitabu. Atakuja mtu kutoka mbali awape, mimi nipo hapa nasahihisha madaftari." Nilimwonea huruma, na hasira pia nilikuwa nayo.

Mwaka jana, hamsini na saba, ikaja barua ya Uskochi. Wanamtaka! Ila sharti awe hajatimiza miaka thelathini, na alete cheti cha kuzaliwa. Cheti kitoke wapi? Amezaliwa nyumbani Butiama, amebatizwa ukubwani, na kitabu cha padri kimeandika "mtu mzima" basi. Wakasema asiye na cheti alete mtu aliyekuwepo siku anazaliwa, aape mbele ya serikali. Aliyebaki hai ni mmoja tu, mama yake mzazi, mama Nyamburi. Na karatasi ilitakiwa iondoke na meli ya Ijumaa.

Tukamfuata Butiama. Hesabu haikuwa ngumu: mama mwenyewe alitusimuliaga kwamba nzige walipokuja, mwaka wa ishirini na tisa, alikuwa anawafukuza shambani na Magige yuko mgongoni, hajaota meno. Maana yake ana ishirini na nane. "Mama, useme hivyo hivyo tu," Magige alimwomba njia nzima ndani ya lori. "Nzige, mgongoni, basi."

"Nimesikia," mama akasema. "Mimi si kiziwi."

Bomani tukampata Bwana Shauri, kijana wa Kizungu aliyefika nchini juzi juzi. Karani wake wa kutafsiri alikuwa Matiko, wa kwetu Butiama. Mama akaeleza nzige wake vizuri kabisa. Lakini yule bwana nzige hakuwajua, wala hakujua walikuja mwaka gani. Akafanya kama wanavyofanyaga maofisini: akamtafuta mtu ambaye umri wake unajulikana. Matiko alibatizwa mchanga, karatasi yake ipo, ana thelathini na mbili. "Muulize, kati ya mwanawe na wewe, nani mkubwa?"

Hapo nikajua tumeharibikiwa. Maana baba yake Magige, alipoona ugonjwa hautamwacha, aliwatia jandoni wanawe wote wawili siku moja asife kabla. Magige alikuwa na miaka tisa, akaingia rika la kaka yake, katikati ya mijitu yenye ndevu, na hakulia. Matiko aliingia jando miaka minne baadaye. Kwetu rika ndilo linalosema nani mkubwa. Kuzaliwa, kila kiumbe kinazaliwa, hata mbuzi.

Mama akacheka. "Huyu Matiko? Huyu si humwamkia mwanangu? Mwanangu ni mkubwa wake, kijiji kizima kinajua."

Matiko akatafsiri. Angefanyaje? Bwana Shauri akachovya kalamu.

"Mama!" Magige alisema. Mama hakugeuka. Pale mlangoni walikuwa wazee wawili wa kwetu wenye kesi yao, wanasikiliza. Magige akawatazama, akaitazama ile kalamu. Kisha akamsogelea Matiko, akainama.

"Shikamoo, kaka."

Jamani! Nilitamani ardhi inimeze. Matiko alibaki mdomo wazi, na mzee mmoja akatoka nje bila kuaga. Bwana Shauri akauliza kuna nini, na Magige mwenyewe akamweleza kwa Kiingereza kwamba anayeamkia ndiye mdogo. Ndipo Matiko akaitika marahaba, kwa sauti ndogo, anatazama meza.

Mama akasimama. "Haya, muandike miaka anayoitaka. Lakini mtoto wa miaka hiyo mimi sijamzaa."

Matiko akatafsiri ile sentensi ya kwanza tu. Mama akatia kidole gumba kwenye wino, akakigandamiza kwenye karatasi, akatoka. Lori alilikataa, akaenda kwa miguu.

Jibu likaja baada ya miezi mitatu: amepata. Magige aliruka nyumbani kama mtoto, akanikumbatia mchana kweupe. Tukaenda Butiama kuaga, na mama alikuwa amechinja. Wanaume wa rika lake wameketi uani, na Magige akaelekea kukaa nao kama siku zote. Nami nilikuwa nimebeba chakula chake.

"Getruda," mama akaniita, "chakula cha huyo peleka kule." Akanyoosha mkono upande wa jikoni, walikokaa watoto wanaokula kwenye sinia moja, na Felisian wangu miongoni mwao.

Uani hakuna aliyemtetea. Magige akaniangalia, kisha akaja mwenyewe jikoni, akanawa, akakaa chini kando ya mwanawe. Akala nao. Kwa mara ya kwanza tangu anioe nilimwona ametulia.

Nilipokuwa naosha vyombo, mama akaja nyuma yangu. Akaniuliza kwa kunong'ona kama mwanawe ameshiba.

Nilikuwa na hasira. Nikamwambia akamuulize mwenyewe. Hakwenda.