Mwalimu Elina na Msiba wa Ugenini

Kinyangiri hakuna shughuli inayokwenda bila Mwalimu Elina kutia mkono. Harusi, kipaimara, mapokezi ya wageni, hata mtu akitaka kuhamisha choo chake atampitia kwanza. Amestaafu kufundisha lakini kuamrisha hajastaafu. Mimi Stanley, seremala mzima mwenye watoto wanne, nikikutana naye njiani bado naificha sigara nyuma ya mgongo.

Kwa hiyo usharika wetu ulipoalikwa Denmark, hakuna aliyeuliza nani ataongoza. Wenzetu wa huko wamekuwa wakija miaka mingi kujitolea. Wanalala majumbani mwetu, wanajifunza kusonga ugali, na wanapaka rangi darasa lile lile walilolipaka wenzao waliotangulia. Tunawapenda, siwezi kusema uongo, ingawa rangi ya darasa hilo sasa ni nene kuliko plasta. Safari hii walisema zamu ni yetu: twende sisi tukajitolee kwenye nyumba yao ya wazee, tuishi kama wanavyoishi wao.

Mwalimu alituandaa kwa ukali. Kila Jumamosi tulikaa nyumbani kwake tukipambana na kuku kwa uma na kisu mpaka kuku mwenyewe anapoa. Alitukataza kumsimamisha kila mtu barabarani tukimuuliza habari za kwake. Kwa Rebeka, binti fundi cherehani aliyekuwa mdogo wetu sote, alikwenda mwenyewe kuomba ruhusa. Mama yake alikuwa mjane, na mtoto ni huyo mmoja tu. Yule mama alisema kama binti yuko na Mwalimu, yeye hana wasiwasi.

Kule tulipokelewa vizuri. Mwenyeji wetu alikuwa Birgit, mama mmoja mrefu mwenye moyo mweupe, aliyetulaza kwake wote. Kazi yenyewe ilitushinda kuielewa, maana wazee wale walikuwa na watoto, tena wengine wanaishi mtaa wa pili. Tulifua, tuliwalisha, tuliwatembeza. Rebeka ndiye waliyempenda zaidi. Kila asubuhi aliwaamkia shikamoo mmoja mmoja, mpaka wakajua kuitikia marahaba.

Safari ilikuwa imefika katikati simu ilipopigwa. Aliyepiga ni Mzee Ezekieli, baba mdogo wa Rebeka, lakini hakumpigia Rebeka. Alimpigia Mwalimu. Mama yake Rebeka alikuwa ameanguka shambani asubuhi ile na hakuinuka tena. Wangemzika kesho yake. Binti asiambiwe.

Mwalimu aliniita kwenye chumba cha kufulia akanieleza, mashine zikizunguka pembeni yetu. Sikumshangaa Mzee Ezekieli hata kidogo. Kwetu habari ya kifo haipiti kwenye simu. Aliye mbali huambiwa mgonjwa amezidiwa, aje. Akishafika karibu na nyumbani huletwa polepole, ameshikwa huku na huku, mpaka avisikie vilio kwa masikio yake. Hakuna mtu mmoja anayelibeba neno lile peke yake. Linasemwa na nyumba nzima.

Tatizo ni kwamba Rebeka hakuweza kuitwa nyumbani. Tiketi zetu zilikuwa za kundi, kwenda pamoja na kurudi pamoja. Mwalimu alihangaika na simu siku nzima, akajibiwa kwa upole na kila mtu, na upole wenyewe haukusaidia kitu. Nafasi ya ndege iliyopatikana ingemfikisha Singida kaburi limeshafunikwa. Mwanamke ninayemjua akisimamisha mikutano kwa kukohoa tu, alikaa juu ya kapu la nguo chafu, mikono mapajani.

Rebeka aliendelea kupiga simu nyumbani. Mara aliambiwa mama amekwenda Shelui kumuuguza ndugu, mara simu yake imeingia maji. Shelui! Mama yule hata mnadani alikuwa hafiki. Mwalimu alikuwa akikaa pembeni akisikia maongezi yote, akimenya viazi. Mimi siku moja nilimshauri tumwambie, siku iliyofuata nikamshauri tusimwambie. Nilikuwa mzigo tu.

Birgit aliona Mwalimu hali chakula, akambana, akaelezwa. Alikasirika, ila kwa machozi.

"Mama ni wake," alisema. "Habari ni yake. Mnaificha kwa haki gani?"

Mwalimu alimjibu kwamba hatumfichi, tunamtunzia. Tulilitafuta neno la Kiingereza la kutunza habari mpaka tukaishiwa, na kila tulilopata lilirudi palepale pa kuficha. Birgit alisema hawezi kukaa meza moja na mtoto wa watu huku anamdanganya. Kama hatutamwambia sisi, kesho atamwambia yeye. Nilimchukia kwa dakika chache, kisha nikaona kwamba hata mimi ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Lakini Rebeka aambiwe na mgeni, mezani, kikombe cha kahawa mbele yake! Hilo Mwalimu asingekubali.

Kesho yake mchana tulimfuata Rebeka kazini. Mwalimu alikuwa amepanga tumlete mpaka nyumbani kwa Birgit, ambako wenzetu walikuwa wamekaa sebuleni wakitusubiri, ili walau waonekane watu. Rebeka alitoka anacheka, akiwa na mkoba wake begani. Mwalimu akampokea mkoba. Akaanza kumweleza habari za mvua.

Hakujua anafanya nini, naapa. Mikono yake imezoea. Amepokea watu wangapi kituoni kwetu, akawachukulia mizigo, akawasemesha habari za mvua huku hawaangalii usoni? Na hakuna mtoto wa Kinyangiri asiyejua maana yake. Rebeka alipiga hatua chache, akasimama.

"Mwalimu, nirudishie mkoba wangu."

Mwalimu aliukumbatia kifuani.

"Ni mama?"

Pale hapakuwa na nyumba ya kumjibu. Kulikuwa na kituo cha basi, mzee na mbwa wake, na baiskeli zimeegeshwa kwa mstari.

"Ndiyo, mwanangu."

"Wameshazika?"

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Rebeka akaanguka chini kwenye lami na kupiga yowe, na sisi tukawa wawili tu wa kumshika. Madirisha yalifunguka. Mwanamke mmoja alituuliza kama aite gari la wagonjwa. Nilimwambia hapana, asante, nikaona aibu kwa kusema asante.

Nyumbani kwa Birgit tulishusha magodoro, tukakaa chini sebuleni. Birgit alipika supu, akakaa chini na sisi ingawa magoti yalimuuma. Tuliimba kwa sauti ndogo kwa sababu ya majirani. Tulilia kwa adabu, usiku wa kwanza, wa pili, mpaka Rebeka akanyamaza. Kisha akarudi kazini, maana angefanya nini kingine?

Mwalimu alimpigia Mzee Ezekieli akamweleza ukweli. Hakugomba. "Sasa Mwalimu," alisema, "sisi tutampokea na nini?"

Lakini walijiandaa hivyohivyo. Tulipofika Kinyangiri wiki iliyofuata, shangazi zake walikuwa wamejaa uani, khanga zimefungwa kiunoni, turubai limefungwa upya kwa ajili yake. Alipoingia tu wakaangua kilio, kilio kizima, walichokuwa wamemwekea. Walimvamia, wakamzungusha, wakamwita kwa jina la mama yake. Na Rebeka akasimama katikati yao, macho makavu.

Niliziona nyuso zikianza kubadilika. Mama mmoja alipunguza sauti ili amtazame vizuri. Mwingine, nyuma yangu, alisema taratibu kwamba mtoto kaenda Ulaya karudi bila uchungu wa mama. Nilitaka kugeuka nimtukane, lakini ningemwambia nini? Kwamba ameshalia, kwamba alilia barabarani mbele ya mzee na mbwa? Nani angekubali kwamba kile ni kilio?

Rebeka alimtafuta Mwalimu kwa macho mpaka akampata, akamsogelea.

"Mwalimu, hayatoki," alimnong'oneza. "Nifanye nini?"

Mwalimu Elina alimvuta, akamkandamiza uso begani kwake na kuufunika kwa khanga, wasiuone.