Nusu ya Kichwa

Wasichana wanaokwenda kufanya kazi za ndani ng'ambo hukatwa nywele kwanza. Waajiri hawataki kukuta unywele kwenye chakula, anasema wakala wao, na kwa miaka mingi amekuwa akiwaleta kwa msusi mmoja nyuma ya soko, mwenye kioo chenye ufa na viti viwili vya plastiki.

Msusi alikata bila kuuliza, hadi mmoja wao aliporudi. Alikalia kiti kilekile, mkono mmoja haunyanyuki, akasimulia jinsi pasi yake ya kusafiria ilivyochukuliwa mlangoni na mlango ukafungwa. Tangu hapo msusi humnong'oneza kisa hicho kila anayeketi. Hakuna aliyewahi kuinuka na kuondoka.

Jumanne asubuhi aliletwa binti wa dada yake.

"Nikate, mama mdogo. Tukitoka hapa napigwa picha ya pasi, halafu safari."

"Mama yako anajua?"

"Ndiye aliyenifungia begi."

Msusi alimweleza yote, safari hii bila kunong'ona. Binti alijitazama kiooni.

"Huyo alikuwa na bahati mbaya tu. Ukinikatalia, naenda kwa kinyozi."

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri. Mashine za vinyozi mtaa mzima zilikuwa zimelala. Msusi alichukua mkasi, akakata upande wa kushoto, vizuri, hadi karibu na ngozi. Kisha akaketi kwenye kiti cha pili, akaukalia mkasi.

"Nimechoka."

"Mama mdogo, acha utani!"

Wakala aliingia akitafuna kijiti. "Mama, watu wamejaa garini wananisubiri mimi."

"Basi liondoke."

"Lete huo mkasi."

"Njoo uutoe mwenyewe," alisema, akajiweka sawa kitini. Ni mwanamke mnene.

Wakala alimgeukia msichana. "Jifunge kitambaa twende."

"Na picha je? Nipigwe nusu kipara?" Alikuwa ameshaanza kulia.

Honi ilipigwa nje, ikapigwa tena.

"Jumanne ijayo," wakala alimwambia, akatoka.

Gari lilipoondoka, binti alisema ameharibiwa maisha, na roho mbaya ya namna hii hajapata kuiona. Msusi aliendelea kuukalia mkasi, akitazama nywele sakafuni.

"Jumanne nitakwenda," alisema binti mwishowe.

"Najua."

Msusi asingeweza kumrudisha kwa mama yake akiwa na nusu ya nywele. Aliinuka polepole, akamshika kidevu.

"Geuka huku," alisema, akaanza upande wa kulia.