Fito Arobaini na Mbili

Bustani yangu ya mboga kule Kibugu ilikuwa hatua ishirini na tisa kwa kumi na nne. Nilipima siku ile mama aliponionyesha, nikapima tena baada ya kumzika, nikapata ishirini na nane na nusu. Nilijiambia pengine huzuni hurefusha hatua za mtu. Lakini upande uliopungua ulipakana na majani chai ya ndugu yangu, na majani chai hayakuwa na huzuni yoyote.

Nilipewa bustani ile kwa sababu ndoa yangu iliniishia. Miaka kumi na sita nilikuwa Meru, nikiuza mboga mtaa wa Majengo nyuma ya bucha. Huko ndiko nilikojifunza Kiswahili hiki na tabia zangu zote mbaya. Niliporudi nyumbani na mifuko miwili na godoro, mama hakuniuliza kitu. Alinipeleka chini karibu na kijito, akanyoosha mkono, akasema hapa utalima. Kisha akatoa sharti, lile analopewa kila binti aliyerudi kwao: panda kinacholiwa kikaisha. Sukuma wiki sawa, kabichi sawa, maharagwe sawa. Migomba hapana, kahawa hapana, chai usiitaje, hata nyasi za ng'ombe zile za kukata na kuota tena, hapana. Kinachomaliza msimu kinaondoka na msimu. Mti ukishika mizizi, kwetu ni sawa na kusema hapa ni pangu, na mti hausahau kilichosemwa.

Sikuona ubaya wa sharti hilo. Sikuwa na haja ya miti. Nilikuwa nimepanga chumba Embu mjini na nina meza sokoni, na bustani ile ndiyo iliyonitenganisha na wenzangu wanaouza mboga za watu. Mimi niliuza zangu. Zaidi ya hayo, ni mahali pekee kwetu ambapo ningeweza kuinama bila kuomba ruhusa. Mama alipokufa, ndugu yangu, niliyemtangulia kwa miaka minne, alirudia sharti lile mbele ya watu, taratibu, kama mtu anayesoma risiti. Nikasema nimesikia.

Mwaka ninaousimulia, Machi ilikuja na vumbi. Nilikuwa napanda kwenda Kibugu mara mbili kwa wiki, nang'oa sangari, ile nyasi ambayo ukiacha kipande cha mzizi mrefu kama ukucha, wiki ijayo inakusalimia. Nilichimba mara ya kwanza, nikachimba mara ya pili. Nilibeba samadi ya mbuzi magunia tisa. Nilisia kabichi na sukuma kwenye kitalu, nikafunika kwa nyasi kavu, nikamwagilia kwa kopo lenye matundu. Mke wa ndugu yangu alipita na mtungi akanitazama.

"Tata," akasema, maana huniita kama wanawe wanavyoniita, shangazi, "mvua bado hata haijatuma salamu. Hayo yote unamwandalia nani?"

"Namwandalia mvua. Ikifika ikute nimepika."

"Na isipofika?"

"Nitakula mwenyewe."

Alicheka. Wakati ule bado tulikuwa tunacheka.

Nilichokosa ni fito. Mwaka huo nilitaka maharagwe yanayotambaa, yale yanayozaa mara mbili ya yale mafupi, na maharagwe hayo hayatambai hewani. Ng'ambo ya njia anakaa mzee mmoja mwenye viazi vikuu, na ua wake alikuwa ameupogoa mwezi mzima uliopita. Matawi yalilala kando ya njia kwenye jua, yamepauka, yana vumbi, marefu kunizidi mimi, yamenyooka vizuri. Nikasimama pale nikiyatazama kama mtu asiyeyataka. Hiyo ni kazi yangu, najua kuifanya.

"Mzee, haya unayauza?"

"Chukua."

"Nachukua kwa ngapi?"

"Mama, nimesema chukua. Unataka nikubembeleze?"

"Kitu cha bure kina kasoro."

"Kasoro yake ni maneno yako. Unataka ya nini?"

Hapo ndipo. Nimelirudia swali hilo kichwani mara nyingi kuliko ninavyorudia hesabu. Majengo nilijifunza jambo moja, kwamba muuzaji hapaswi kujua unakipeleka wapi kitu chake, kwa sababu akijua unakihitaji anapandisha bei. Mzee yule hakuwa na bei ya kupandisha. Lakini mdomo wangu ulishazoea.

"Ya kazi," nikasema.

"Haya. Kazi njema."

Nilichagua arobaini na mbili. Nikahesabu tena, arobaini na mbili. Sokoni mimi hubonyeza kila parachichi, hunusa samaki mpaka mwenye samaki anakasirika, hugeuza kabichi chini juu. Kwenye zile fito sikuweka hata ukucha. Zilikuwa za bure, na mkono wangu haujui kukagua kitu ambacho haukilipii.

Mvua ilikuja wiki ya mwisho ya Machi, mchana, kwa ghafla, na harufu ile ya vumbi linalozimwa. Usiku kucha ikanyesha. Kesho yake nilipanda. Nilivuta kamba ili mistari inyooke, nikahamisha miche jioni jua likiwa limelegea, nikazungushia kila mche majivu kwa ajili ya viwavi wanaokata shina. Maharagwe niliyaweka pembeni, pande tatu za bustani, ili yakipanda juu yasizibie sukuma jua. Fito nikazikita humo humo, moja kila hatua moja na kitu, nikizigonga kwa jiwe. Mtu yeyote anayejua bustani angefanya hivyo hivyo. Nalisema hili kwa sababu baadaye ilibidi nilieleze, na halikusikika vizuri.

Aprili ilikuwa ya matope na konokono. Nilichimba mtaro wa kutoa maji, ukajaa, nikauchimba tena. Kabichi kumi na moja ziliozea miguuni. Nilipalilia kati ya mvua na mvua, udongo ukinishika buti kama mtu anayenidai. Maharagwe yalitambaa upesi, na kila nilipofika niliona majani yamepanda zaidi, mapana, ya kijani, nikajisifu mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyekuwa karibu wa kufanya hivyo. Kisha barabara ikakatika kwenye mteremko, nikakaa mjini siku kumi na mbili nikiuza mboga za watu.

Niliporudi, nilimkuta ndugu yangu amesimama ndani ya bustani, mikono nyuma. Mke wake alikuwa kwenye njia, hakunisalimia. Maharagwe yalikuwa yametoa maua. Na juu ya maharagwe, kwenye ncha za fito ambako hayajafika, kulikuwa na majani mengine, madogo, yamekunjamana bado. Hayakuwa ya maharagwe.

"Dada," akasema, "hiki ni nini?"

"Maharagwe."

"Maharagwe nayaona. Nauliza kilichoyabeba."

"Fito."

"Fito zina majani?"

Nilisogea. Nikaweka ukucha, mwishowe, nikakwaruza. Ganda la nje lilikuwa karatasi kavu, na chini yake kijani kibichi chenye maji. Mkungugu. Mti ambao kila mtu wa kwetu anaujua: unaukata, unautupa juani mwezi mzima, na ukiuchomeka kwenye udongo mbichi unaanza tena kama mtu aliyeamka usingizini. Ndio unaotambaliwa na viazi vikuu. Ndio unaowekwa mpakani, kwa sababu haufi. Nilikuwa nimeuchomeka pande tatu, kwa kamba, moja kila hatua moja na kitu, na upande wa nne ni kijito.

"Umejizungushia ua," akasema.

"Sikujua."

"Wewe?"

"Zilikuwa zimekauka. Nilipewa bure."

"Wewe unayebonyeza ndizi mpaka mwenyewe anakufukuza? Wewe ndiye hukujua mti mbichi?" Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Mpimaji anakuja kugawa shamba mwaka huu. Hati za taito zitoke kwa jina la kila kijana wangu. Anafika hapa anakuta ua wa mikungugu. Atauliza ni wa nani. Nimwambie ni wa maharagwe?"

Nilimwambia amuulize mzee wa ng'ambo ya njia. Tukamwita. Alikuja polepole na fimbo yake, akatazama fito, akanitazama mimi, na nikaona anasikitika kweli.

"Nilimpa, ndiyo," akasema. "Nilimuuliza ya nini, akasema ya kazi. Mimi nikajua ni kuni. Angesema anakwenda kuchomeka chini ningemwambia, mama, huo hauchezewi."

"Umesikia," ndugu yangu akasema. "Alificha."

Maisha yangu yote nimedanganya kwa faida ndogo ndogo. Nimesema mtoto anaumwa ili nipunguziwe nyanya. Nimesema nimeona bei nafuu kule mbele ambako sijawahi kufika. Mara moja tu nilisimama na ukweli mtupu mkononi, na hakuna aliyeutaka, hata kwa bure.

"Nitazing'oa," nikasema. "Nipe wiki tatu maharagwe yakomae."

"Leo."

"Wiki mbili. Yametoa maua, unayaona."

"Leo, dada."

"Nyote mle. Nusu ya mavuno ni yenu. Wiki moja."

"Dada, usininunue."

"Siku nne."

Akatazama majani chai yake. Nimeshusha bei kwa wanaume wagumu, kwa wachinjaji wenye visu mkononi. Huyu niliyembeba mgongoni hakushuka hata siku moja.

Basi nikaanza. Mvua nayo ikaanza, nyembamba, ile ya Mei ambayo haina haraka. Kila ufito ulikuja na maharagwe yake yamejisokota, nikijaribu kuyafungua yanakatika. Chini kulikuwa na mizizi, myeupe, mifupi kama kidole, laini. Ilikuwa imeshika kidogo tu, kama mkono wa mtoto mchanga, na ilibidi nivute. Fito nilizilaza kando ya njia. Mke wa ndugu yangu alishuka kutoka njiani akashika ufito mmoja upande wa pili, tukavuta pamoja, kisha mume wake akamtazama akaacha.

Nilipomaliza nilihesabu, arobaini na mbili. Nikaanza kuhesabu tena.

"Ni hizo hizo," ndugu yangu akasema. "Nilizihesabu kabla hujafika. Mara mbili."

Tulifundishwa na mama mmoja. Jioni alikuwa akituhesabisha vifaranga, halafu anasema haya, rudieni, mwewe hahesabu mara moja.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeshapanga kichwani kuomba mianzi mikavu kwa ajili ya Oktoba. Nikachukua jembe. Ndipo aliposema, akiwa amegeuka tayari, kama mtu anayekumbuka kitu kidogo: "Sukuma na kabichi vuna, ni zako. Msimu ujao pumzika kwanza."

"Kupumzika mpaka lini?"

"Pumzika tu, dada."

Nimepumzika misimu mitano. Nilivuna sukuma mpaka Julai, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye kijito, nikabeba magunia ya mwisho mwenyewe. Mpimaji alikuja, akapita, vijana wana karatasi zao. Bustani haina kitu. Nilitegemea angalau apande chai, nijue niliondolewa kwa ajili ya kitu. Ameiachia sangari.

Zile fito nilimrudishia mzee. Nilimwambia sina pa kuziweka, na ilikuwa kweli, chumba changu ni cha kupanga na sakafu ni simiti. Alizichomeka nyuma ya nyumba yake, akapanda viazi vikuu chini yake. Siku hizi nikienda kwetu, kwa mazishi au kwa harusi, napita njia ile na kuziona juu ya paa lake. Nimezihesabu, arobaini na moja. Sikurudia.

Mwaka jana aliniona nimesimama, akaingia ndani, akatoka na kiazi kikuu kirefu kama mkono, bado kina udongo.

"Chukua, mama. Ni cha miti yako."

"Kwa ngapi?"

"Wewe hujapona tu."

Nilikipokea. Nikakikwaruza kwa ukucha pale pale mbele yake, upande huu, nikakigeuza, na upande ule.